Ukarabati wa Umeme Majumbani: Hakiki Leseni ya Fundi Kabla ya Kazi

Umeme unaotumika majumbani nchini Tanzania una msongo wa volti 230, kiwango kinachotosha kuua. Kwa sababu hiyo, kazi ya kufunga mifumo ya umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Mwananchi anaweza kubadilisha balbu baada ya kuzima swichi. Kuongeza soketi, kubadilisha nyaya au kurekebisha waya wa ardhi ni kazi ya fundi. Fyuzi inayoungua mara kwa mara ni dalili ya hitilafu. Kuweka waya mnene badala yake huondoa kinga, na nyaya zinaweza kupata joto hadi kusababisha moto.

Kabla ya kazi kuanza, mwananchi anashauriwa kuomba leseni ya fundi, kuhakiki jina na muda wake wa matumizi, kisha kudai stakabadhi ya malipo. Kazi ikikamilika, mfumo upimwe kabla ya umeme kurejeshwa.

Mita ya LUKU na nyaya zinazotoka kwenye nguzo ziko chini ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Hitilafu katika sehemu hizo iripotiwe kwa Shirika. Fundi binafsi asiziguse.