KIWIKO NI WAPI?
Historia ya majina ya viungo vya mwili

Kaeni vizuri. Mwenye kalamu na daftari na aviweke karibu. Lakini leo, kabla ya kalamu, tutatumia kitu ambacho kila mmoja amekuja nacho darasani, yaani mwili wake.

Nyosha mkono wako wa kulia. Sasa, kwa mkono wa kushoto, gusa kiwiko.

Mtazame jirani yako. Amegusa wapi? Nadhani wengine wamegusa pale mkono unapokunjika katikati. Wengine, hasa wazee, huenda wamegusa karibu na kiganja, mahali pa kuvalia saa. Msicheke, na msibishane bado. Ukifungua kamusi utakuta kiwiko kikielezwa kuwa ni mahali kiganja kinapoungana na mkono. Tena kipo kiwiko cha mguu, karibu na wayo. Lakini leo watu wengi sana wakisema kiwiko wana maana ya pale katikati, ambapo kamusi huita kisugudi.

Je, jambo hili ni la mchezo tu? Hapana. Fikiri kwamba mama mmoja ameanguka njiani akitoka shambani. Amefika zahanati, naye anasema, "Mwanangu, kiwiko kinaniuma." Mganga ni kijana aliyekulia mbali na hapa. Anaandika katika karatasi jina la mahali pengine kabisa. Karatasi hiyo inakwenda hospitali, na huko wanapiga picha mahali pasipouma. Neno moja limempoteza mgonjwa. Basi yafaa tujue majina haya yametoka wapi, na kwa nini mengine yamekaa imara na mengine yanahamahama.

MAJINA YA ZAMANI SANA

Tuanze na majina yaliyokaa imara. La kwanza ni mkono. Vuka mto Songwe kutoka Ileje uingie Malawi, usikilize Kichewa. Nao husema mkono. Nenda Uganda kwa Waganda. Wao husema omukono. Watu hawa hawakufundishwa neno hili na Waswahili, wala Waswahili hawakufundishwa na wao. Wote wamelirithi kwa mababu mamoja, waliosema lugha moja ya Kibantu zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita.

La pili ni mguu. Waganda husema okugulu. Wanyarwanda husema ukuguru. Wakikuyu husema kuguru. Sisi tunasema mguu. Je, ile l imekwenda wapi? Kiswahili kimeidondosha. Hii ni tabia yake ya zamani. Mchewa husema mvula, sisi tunasema mvua. Mchewa husema njala, sisi tunasema njaa. Vivyo hivyo gulu imekuwa guu. Ukiyajua hayo, utaweza kutambua ndugu wa maneno yetu katika lugha nyingine hata kama wamebadilika sura kidogo.

Sasa tazama mwanzo wa maneno yale: okugulu, ukuguru, kuguru. Yote yana ku. Katika lugha nyingi za Kibantu, baadhi ya sehemu za mwili zilizo mbilimbili ziliwekwa katika ngeli hiyo ya ku. Mnyarwanda husema ukuguru kwa mguu, ukuboko kwa mkono, ugutwi kwa sikio, na ukwaha kwa kwapa. Kiswahili kimeiacha ngeli hiyo katika viungo vya mwili, na mguu umehamishiwa ngeli ya mti na mkate. Lakini neno moja lilisahauliwa katika uhamisho huo, nalo ni kwapa. Ile kw ya mwanzo ni ku ya mababu, ambayo bado imejificha pale pale. Kila usemapo kwapa unatamka kipande cha lugha ya kale, wala hukujua.

Ninyi wa Tunduma mna bahati. Mpakani hapo, upande wa Nakonde, mtu akisema Kibemba utasikia ukuboko, maana yake mkono. Neno hilo ni ndugu wa ukuboko wa Rwanda na wa loboko ya Kilingala kule Kongo. Kumbe mababu walikuwa na maneno mawili ya mkono. Wengine wameshika moja, wengine wameshika jingine. Je, Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali vimeshika lipi? Hilo nawaachia ninyi. Waulizeni wazee nyumbani, mwandike jibu katika daftari.

MAJINA YANAYOHAMA

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe, yaani mahali mfupa mmoja unapokutana na mwingine. Neno kiungo latokana na kuunga. Kifundo latokana na fundo, kama fundo la kamba. Majina ya namna hii huundwa kwa kutazama umbo au kazi, na kila mji waweza kuunda lake. Ndiyo sababu hayatulii kama mkono na mguu.

Tazama goti. Mchewa huita bondo. Katika kamusi za zamani za Kiswahili lipo neno ondo, nalo maana yake ni goti. Bila shaka unaona jinsi bondo na ondo yanavyofanana. Lakini leo nani husema ondo? Goti limechukua nafasi yake. Kisigino nacho, ambacho sasa ni cha mguu tu, zamani kilisemwa pia cha mkono. Kisigino cha mkono kilikuwa pale unapoegemea meza. Hata mguu wenyewe una jina jingine kwa jirani. Mchewa huuita mwendo, kwa sababu ndio wa kwendea. Kwetu mwendo ni safari, kwake ni kiungo cha mwili. Mfanyabiashara wa mpakani asipojua hilo aweza kushangaa sana.

Nani aliamua neno lipi liwe la vitabu? Ludwig Krapf aliishi upande wa Mombasa, na kamusi yake ilichapwa mwaka 1882. Edward Steere alifanya kazi Unguja, na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Kila mmoja aliandika Kiswahili alichokisikia zaidi kwa majirani zake. Kisha mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiswahili cha Unguja kikachaguliwa kuwa msingi wa vitabu vya shule. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo, na mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson. Basi kidole kikaingia shuleni, na chanda, neno la Mombasa na Lamu, likabaki pwani ya kaskazini. Lakini halikufa. Twasema marafiki wawili ni kama chanda na pete. Methali na misemo ni ghala. Hutunza neno hata baada ya soko kulikataa.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la kiungo, nalo ni lith. Mwaka 1066 nchi yao ilitekwa na Wanormani kutoka Ufaransa, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia. Miongoni mwake lilikuwa joint, ambalo ndilo neno la kiungo katika Kiingereza cha leo. Lith likasahauliwa na watu wengi. Basi mtu asikuambie kwamba lugha yako ni dhaifu kwa sababu maneno yake hubadilika. Lugha zote hubadilika.

MKONO KUWA KIPIMO

Ndugu msikilizaji, mkono haukuwa wa kushikia jembe tu. Ulikuwa pia rula ya kwanza ya binadamu.

Fungua kiganja, tanua vidole. Toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho ni shubiri moja. Toka gumba mpaka kidole cha shahada ni futuri. Kunja mkono katikati. Toka pale mpaka ncha ya kidole kirefu ni dhiraa, au mkono mmoja. Ukifunga ngumi na kupima mpaka ngumi tu, ni dhiraa konde. Sasa nyosha mikono yote miwili kama ndege aliyetanua mabawa. Toka ncha hata ncha ni pima moja. Shubiri 2 ni mkono 1; mikono 2 ni wari 1; mikono 4 ni pima 1.

Angalia majina hayo. Shubiri, futuri na dhiraa yametoka Kiarabu, na dhiraa kwa Kiarabu ndiyo mkono wenyewe toka katikati mpaka vidoleni. Kiungo kilibaki na jina la mababu, lakini kipimo kilikuja na jina la wafanyabiashara. Kwa nini? Kwa sababu nguo ziliingia kwa njia ya bahari. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilibeba merikani na kaniki mpaka ndani ya bara. Nguo hizo zilikuwa kama fedha. Kwa nguo walinunua chakula, na kwa nguo walilipa hongo. Shuka ilikuwa mikono 4, na doti mikono 8.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Neno lao elbow, yaani pale mkono unapokunjika, limeundwa kwa maneno mawili ya kale, moja la mkono na moja la kupinda. Lile la mkono ndilo lililozaa ell, kipimo chao cha kupimia nguo. Na fathom, kipimo cha mabaharia cha kina cha maji, ndiyo pima yetu, mikono miwili iliyonyoshwa. Mwarabu, Mwingereza na Mswahili wote walitazama mahali pamoja mwilini wakaona rula.

Lakini rula hii ina kasoro moja. Mkono wa nani? Muuzaji atapenda kupima kwa mkono mfupi, na mnunuzi atataka mtu mrefu aitwe. Katika doti moja mikono ni 8. Kila mkono ukipungua upana wa vidole 2, mnunuzi amepotewa na upana wa vidole 16, karibu theluthi mbili ya mkono mzima. Ndiyo sababu serikali huweka kipimo kimoja kwa wote, na leo sheria inatambua mita. Ukinunua kitambaa sokoni Tunduma na muuzaji akapima kwa kunyosha mkono, una haki ya kumwomba, kwa adabu, atumie mita.

Hata hivyo usiudharau mkono wako. Unafaa kwa kukadiria. Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi, kina urefu wa mita 3 hivi. Ukienda huko na huna rula, nyosha mikono. Utaona kinazidi pima moja na nusu, lakini hakifiki pima mbili. Umepima jiwe lililotoka angani kwa mwili wako mwenyewe.

TURUDI ZAHANATI

Sasa turudi kwa yule mama. Afanye nini? Kwanza, asione haya kwa neno lake. Kiwiko chake si kosa. Ni neno la zamani lenye ushahidi katika kamusi. Wala mganga si mjinga. Ametumia neno kama walivyo wengi siku hizi. Kosa litakuwa kila mmoja kudhani kwamba mwenzake anajua.

Basi shika mambo matatu. La kwanza, taja jina, kisha gusa mahali penyewe kwa kidole. La pili, sema upande, kulia au kushoto. La tatu, kumbuka kwamba mkono kwa Kiswahili ni toka begani mpaka vidoleni, na mguu ni toka nyongani mpaka wayoni. Ukisema tu, "Mkono unauma," hujasema wapi. Sema, "Ni kifundo cha mkono, hapa juu ya kiganja," au, "Ni hapa katikati unapokunjika." Na akikuandikia karatasi, isome. Ndiyo maana unajifunza kusoma. Ukiona ameandika mahali pengine, mwambie.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Neno ni kidole kimoja; kugusa ni kidole cha pili. Tumia vyote viwili.

MASWALI

1. Kwa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au lugha ya kwenu, mkono huitwaje? Goti je? Kwapa je?
2. Pima meza ya darasa kwa shubiri zako, kisha jirani apime kwa zake. Mmepata hesabu moja? Kama sivyo, kwa nini?
3. Andika sentensi moja ukimweleza mganga mahali panapouma, bila kutumia neno kiwiko.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.