Zamu ya Saa Nane Usiku

Duka halijafunguliwa, lakini programu ya hesabu imeshajumlisha mauzo ya jana na kuweka nakala rudufu. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kazi za namna hii tuziiteje?

Wapo wanaosema "kazi za mandharinyuma". Neno hilo sina ugomvi nalo likitaja picha iliyotandazwa kwenye skrini, ila kujumlisha mauzo si picha. "Kazi za chinichini" ni baya zaidi, linanuka magendo. Mimi nasema kazi ya zamu. Zamu ina saa yake, ikipita hurudi, na anayeishika yuko macho wenye mali wakiwa wamelala. Nitaambiwa zamu ni ya kupokezana, na hapa hakuna wa kupokea. Sawa, lakini mlinzi wa usiku wa peke yake naye twasema yuko zamu.

Katika mifumo ya Unix mshika zamu huyo ni cron, aliyekuwamo katika toleo la saba la mwaka 1979. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Kila dakika huamka, hutazama orodha, asipoona lake hulala tena. Kila mstari wa orodha una nafasi tano kabla ya amri: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nyota maana yake "kila".

Hapo ndipo Kiswahili kiliponiponza. Nilitaka nakala ichukuliwe saa nane usiku, nikaandika 0 8 * * *. Cron akangoja hadi saa mbili asubuhi, wateja wamejipanga, mashine ikaanza kujikokota. Ilipasa niandike 0 2 * * *.

Mtego wa siku ni mtamu zaidi. Jumatano imebeba tano jinani kwa kuwa twahesabu tangu Jumamosi. Cron huanzia Jumapili, tena kwa sifuri. Andika 5 ukikusudia Jumatano, kazi itafanyika Ijumaa. Basi Jumatatu, Jumanne na Jumatano toa mbili kwenye jina. Alhamisi nayo ni tano ya Waarabu, wanaoanzia Jumapili kwa moja. Kwa cron ni 4.

Halafu kuna wazee wa pwani, ambao kwao siku huingia jua likizama. Zamu ya saa nne usiku wa Ijumaa, kwa hesabu yao, huandikwa 0 22 * * 4.