Vihusishi vya Wakati na Sharti

Kihusishi ni neno linalofunga nomino na sehemu nyingine ya sentensi. Jina la Kilatini walilorithi Wafaransa na Waingereza lina maana ya kitu kilichowekwa mbele: linataja mahali neno linapokaa. Istilahi ya Kiswahili, iliyotokana na kitenzi husisha, inataja kazi ya neno lenyewe, na kwa hilo inafaa zaidi.

Katika Yanonge, mji wa kando ya Mto Kongo upande wa chini wa Kisangani, Kiingereza humfikia mwanafunzi kupitia Kifaransa cha shuleni. Kwa hiyo kila kihusishi hupimwa kwa lugha mbili au tatu kabla hakijaeleweka.

Kinachohitaji uangalifu mkubwa ni "before". Mbele ya nomino hakina taabu: kabla ya mvua. Kikifuatwa na sentensi kamili, ambapo wanasarufi wengi hukiita kiunganishi, Kiingereza hukiacha kitenzi katika hali ya kukubali, ilhali Kiswahili hukikanusha: makaa yamepakiwa mtumbwini kabla mvua haijanyesha. Ukanushi huo una mantiki, kwani wakati wa kupakia mvua ilikuwa bado. Kifaransa nacho huweza kuongeza "ne" baada ya "avant que" bila kukanusha lolote. Anayefasiri neno kwa neno huingiza "not" katika Kiingereza, na sentensi ikaharibika.

Mtego wa pili ni "until". Kiswahili husema mpaka Ijumaa na pia mpaka Kisangani, kwa kuwa mpaka ni nomino ya mwisho wa eneo kabla ya kuwa neno la wakati. "Jusqu'à" ya Kifaransa hufanya vivyo hivyo. "Until" ni ya wakati peke yake, na safari ya Kisangani hutaka "to" au "as far as". "After" na "since" hazina shida: baada ya na tangu hutosha.

Kwenye sharti, Kiswahili huviachia mzigo viambishi vya kitenzi. "Without" mbele ya nomino ni bila: bila kafi mtumbwi hauendi. Lakini "without rain" hueleweka vizuri zaidi kama mvua isiponyesha, na "but for" huwa kama si: kama si mpiga kafi, mzigo ungezama. "In case of fire", maneno matatu kabla ya moto wenyewe, hutoshelezwa na silabi moja, -ki-: moto ukizuka.