Alihit Akiwa 16, Akaacha Akiwa 18

Wasee, leo niwapigie stori ya dem mmoja wa Uingereza ambaye pengine hujawahi kumsikia. Jina lake halisi ni Lynn Ripley, lakini kwa muziki alijiita Twinkle. Alizaliwa 1948 huko Surbiton, karibu na London, kwa familia yenye nazo.

Akiwa bado msichana wa shule, aliandika wimbo unaoitwa "Terry". Msichana anakosana na mpenzi wake, jamaa anatoka na pikipiki, anapata ajali, anakufa. Basi. Kampuni ya Decca iliutoa mwishoni mwa 1964, na BBC wakakataa kuupiga. Kwao, kuimba kifo hivyo ilikuwa kukosa adabu. Kukataa kwao hakukuzuia kitu: ngoma ilipanda hadi nambari 4 kwa chati za Uingereza. Yeye alikuwa na miaka 16.

Kumbuka enzi zenyewe. Cilla Black na Sandie Shaw walikuwa mastaa kumliko, lakini hit zao ziliandikwa na watu wengine. Huyu mtoto alikuja na maneno yake mwenyewe.

Mwaka wa 1965 akatoa "Golden Lights", pia ameuandika yeye. Unahusu msichana anayemwona mpenzi wake akimezwa na umaarufu, jina lake likiwaka kwa mataa na yeye akibaki nje. Huu uliishia nambari 21. Zilizofuata hazikushika, na kufikia 1966, akiwa na miaka 18, akaachana na hiyo biashara. Baadaye alijaribu kurudi mara kadhaa, lakini chati hazikumjua tena.

Hapo ndipo watu husema "alifeli". Mimi naona tofauti, na kusema ukweli, hii stori inanigusa. Niliacha chuo, na hadi leo kuna shangazi yangu ananiombea kila Jumapili kama mgonjwa. Kwake, mtu akiacha kitu, ameisha.

Lakini angalia. Mwaka wa 1986, miaka 21 baadaye, The Smiths, bendi kubwa kutoka Manchester, waliurekodi upya "Golden Lights". Si ule uliofika nambari 4, ni ule uliofika 21. Kumbe chati zilipima kelele za wiki hiyo tu. Kazi yenyewe ilikuwa bado inatembea.

Twinkle alifariki 2015 akiwa na miaka 66. Ukihesabu, maisha yake mengi hayakuwa kwa jukwaa, na hakuna chati ya kuyapima hayo.

Sisemi uache shule ama kazi, tafadhali, mama yako asinitafute. Nasema hivi: ukiwa na kitu chako, kiandike sasa, hata kama una miaka 16 na wakubwa wanakunja sura. Na siku ukichoka, ondoka bila kujiita takataka.

Wewe umewahi kuacha nini, na walikuita nani? Nipatie kwa komenti.