Kituo cha Senkwekwe

Kituo cha kulelea gorila wa milimani walioachwa yatima, kilichopo Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kaskazini mwa Goma. Kimepewa jina la Senkwekwe, dume kiongozi wa familia ya Rugendo aliyeuawa kwa risasi Julai 2007 pamoja na majike kadhaa. Wauaji hawakuchukua nyama wala watoto. Mauaji hayo yamehusishwa na biashara ya makaa, ambayo walinzi wa hifadhi walikuwa wakiizuia. Katika mauaji ya mwaka huohuo, Ndakasi, mtoto wa gorila mwenye umri wa miezi miwili hivi, alikutwa amemng'ang'ania mama yake aliyekufa. Yeye na Ndeze, binti wa Senkwekwe, walilelewa kwanza mjini Goma, mbali na baridi ya misitu yao, kisha wakahamishiwa Rumangabo.

Walezi, akiwemo André Bauma, hukaa na gorila hao kama wazazi. Kuwarudisha porini ni vigumu: wamezoea mno binadamu. Picha ya mwaka 2019, Ndakasi na Ndeze wakisimama wima kama watu nyuma ya mlinzi, ilisambaa duniani. Ndakasi alifariki Septemba 2021, mikononi mwa Bauma.