Mzigo wa Halali: Toka Bega la Mpagazi hadi Springi za Pikapu

Katika miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, ukiacha bei ya tumbaku, hakuna jambo lililobishaniwa mikutanoni mara nyingi kama hili: je, pikapu yetu ikitiwa springi za kusaidia nyuma, haiwezi kuchukua mifuko 30 ya mbolea badala ya 20? Wengine wameliona kuwa ni swali la mafundi wa gereji tu. Kwa hakika ni swali kongwe kuliko motokaa, nalo limeulizwa katika nchi hii ya Unyamwezi tangu siku za misafara.

Ile njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, haikuwa njia ya magurudumu. Burton na Speke walipoingia Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, mali ya wafanyabiashara ilikuwa ikisafiri juu ya miili ya watu, ukitoa punda wachache. Mzigo wa desturi ulikuwa frasila 2, yaani ratili 70 hivi, au kilo 32 kwa vipimo vya leo. Wanyamwezi waliuchukua begani. Watu wa pwani waliuchukua kichwani. Chungu, mkeka na posho ya mpagazi ni vitu vilivyokuwa juu ya hesabu hiyo, na mara nyingi kijana wa jamaa yake alifuatana naye ili amchukulie. Wala tusidhani kwamba watu wale walikuwa wanyonge wa kutwishwa chochote. Upagazi ulikuwa kazi ya ujira na ya sifa, na aliyeona mzigo umepita desturi aliutua chini, akasema. Msafara mkubwa uliweza kusimama kwa sababu hiyo. Na pasipo mabega, hata mkubwa hakwenda mahali: mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, toka Machi hadi Agosti, akiwangoja watu ambao Stanley alimpelekea kutoka pwani.

Magurudumu yalijaribiwa mapema. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alipita na maksai toka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi akisema jambo hilo lawezekana. Mwaka uliofuata wenziwe wakaondoka na magari ya kukokotwa. Ndorobo akawaua maksai, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi mabegani. Reli ndiyo iliyokata shauri. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lakini reli hufika stesheni, haifiki shambani. Tumbaku iliposhika mizizi Urambo katika miaka ya 1950, baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa, ile safari fupi kati ya shamba, ghala na stesheni ndiyo iliyokuwa ngumu, na ndiyo tunayoitumilia pikapu hata leo.

Sasa tuje kwenye springi yenyewe. Kazi yake ni ya zamani; Mwingereza Obadiah Elliott alipewa hati ya ubunifu wa springi za magari ya farasi mwaka 1804. Springi za nyuma za pikapu nyingi ni mabamba ya chuma yaliyopindwa, marefu na mafupi, yamepangwa pamoja na kufungwa katikati juu ya ekseli. Mzigo ukija, mabamba hunyooka, ukitoka, hurudi. Mzigo ukizidi, gari huketi nyuma: pua huinuka, usukani huwa mwepesi mno, na taa humulika macho ya anayekuja badala ya barabara.

Springi ya kusaidia hufungwa juu ya zile za asili, ikaachiwa nafasi kidogo. Gari likiwa tupu haigusi kitu. Likilemewa, ncha zake hukutana na vishikizo vilivyofungwa kwenye chesisi, nayo huanza kubeba. Kwa sababu hiyo ni bora kuliko kuongeza tu bamba jingine katika fungu, kwani bamba hilo hukaza gari wakati wote, na likiwa tupu huruka kama mbuzi. Nasi twajua ni nani hukaa kule nyuma wakati wa kurudi.

Lakini ekseli haikuongezwa. Breki ni zile zile, tairi ni zile zile, na chesisi ni ile ile. Yule kijana aliyechukua chungu alimpunguzia mpagazi taabu, ila hakumpa mgongo wa pili. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani 1, sawa na mizigo ya wapagazi 31. Mifuko 30 ni mizigo ya 47. Gari lililotengenezwa kwa tani 1 halibadiliki kuwa la tani 1 na nusu kwa sababu limesimama sawasawa. Pengine hatari huzidi, kwa kuwa ile dalili ya kuketi imefichwa.

Wanaodai mifuko 30 hawana upuuzi. Safari mbili ni petroli mara mbili, na mbolea ikichelewa kupita mvua za kwanza, mkulima ndiye anayelipa. Wala mizani ya barabarani haitatuamulia: sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari, iliyoweka kikomo cha tani 56, yahusu magari ya kuanzia tani 3 na nusu. Pikapu hupita bila kuulizwa.

Shauri letu ni kwamba springi zifungwe, kwa ajili ya mashimo na makorongo ya njia za vijijini, na mifuko ibaki 20. Fundi akaze boliti zake kwa zamu, pande zote sawa, kisha azikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa maana chuma kipya hulegea kinapojikalisha. Karani wa ghala ahesabu mifuko kabla dereva hajawasha moto, na dereva asiyeridhika na hesabu ana haki ya kuutua mzigo.