Mwenye Soseji Hatazami Mechi

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, binamu yangu alinikopesha pesa nikanunua toroli ya smoki. Niliiegesha nje ya uwanja mmoja wa mpira hapa Nairobi. Nje, si ndani. Ndani kulikuwa na mwenye tenda. "Boss, hapa ndani ni pa wenyewe," askari wa geti aliniambia siku ya kwanza, wala hakuwa na ubaya. Jumamosi moja mechi ikaahirishwa saa nane mchana, nikabaki na trei tatu za mayai ya kuchemsha. Nyumbani tulikula mayai mpaka Alhamisi.

Wiki hiyo ndiyo nilianza kujiuliza hii tenda ilianzia wapi. Nikasoma, nikasoma, nikajikuta Marekani, kwenye besiboli, mchezo ambao gongo lake sijawahi hata kulishika.

Mwaka 1887, mhamiaji kutoka Uingereza aitwaye Harry M. Stevens alienda kutazama mechi Columbus, Ohio. Timu ya mji ule haikuwa ya ligi kuu mwaka huo. Stevens hakuelewa nani ni nani uwanjani, na kadi ya alama waliyomuuzia haikumsaidia. Akaenda kwa wenye timu, akanunua haki ya kuchapisha na kuuza kadi nzuri zaidi, akaijaza matangazo ya biashara. Angalia vizuri: kitu cha kwanza alichonunua ni ruhusa. Njugu, soda na soseji zilikuja baadaye, alipopanua kazi hadi New York. Kampuni ya familia ilidumu mpaka 1994, ilipouzwa kwa Aramark. Husemwa pia kwamba yeye ndiye chanzo cha jina la hotidogi, siku moja ya baridi mwaka 1901. Uongo mtamu. Jina hilo lilikuwa limeshachapishwa magazetini miaka ya 1890.

Lakini kule Marekani kibanda hakina uzito popote kama kwenye ligi ndogo. Mpango wao ni huu: klabu ya mji mdogo hulelea wachezaji timu fulani kubwa. Timu kubwa ndiyo inayowalipa wachezaji na makocha. Mwenye klabu anabaki na tiketi, matangazo ya ukutani na chakula. Hachagui nani acheze. Kijana akiwika, anapigiwa simu usiku, asubuhi ameshapandishwa ligi ya juu, na jezi zenye jina lake zinabaki dukani. Soseji haipigiwi simu. Hiyo ni ya mwenye klabu kabisa.

Na kuiuza si mchezo. Besiboli ina awamu tisa na haina kipenga cha dakika 90. Watu hutulia vitini, halafu timu zikibadilishana zamu wote wanakuja mara moja, baba na watoto wanne, kila mtu na oda yake, na wanataka kurudi kabla mpira haujarushwa tena. Una kama dakika mbili. Kisha kimya, unapanga mikate huku ukisikia watu wakishangilia kitu usichokiona. Mvua nayo ina sheria zake. Kwa desturi, ikikatiza mchezo kabla ya awamu ya tano kwisha, tiketi inakubalika siku nyingine. Mkate haukubaliki siku nyingine. Niliposoma hapo nilikumbuka mayai yangu.

Kuna waliojua thamani ya kibanda kuliko wenye timu wenyewe. Ndugu watatu wa Buffalo, Marvin, Charles na Louis Jacobs, walianza mwaka 1915 kwa kuuza njugu na bisi kwenye kumbi za maonyesho. Kumbi zikifungwa wakati wa joto, wakahamia viwanja vya besiboli. Baadaye Louis akawa anakopesha timu zilizoishiwa, na malipo yake yakawa mkataba mrefu wa kuuza chakula. Fikiria: unakopesha tajiri ili akukubalie kuuza njugu.

Ninayempenda mimi ni Bill Veeck. Baba yake alikuwa rais wa Chicago Cubs, na Bill alichuuza pale uwanjani akiwa kijana. Baba alipofariki mwaka 1933, akaacha masomo katika chuo kinachoitwa, niamini, Kenyon. Mwaka 1941 yeye na Charlie Grimm wakanunua Milwaukee Brewers, timu ya ligi ndogo iliyokuwa imefilisika karibu kabisa. Wakati wa vita viwanda vilifanya kazi usiku kucha, na wafanyakazi wa zamu ya usiku hawakuweza kuja jioni. Veeck akapanga mechi za asubuhi, akawapa konfleksi na kahawa. Nampenda, lakini tusidanganyane. Kuacha chuo ukiwa mtoto wa rais wa Cubs si sawa na kuacha chuo ukidaiwa karo.

Halafu ikaja korona. Tarehe 30 Juni 2020 msimu mzima wa ligi ndogo ulifutwa, na mwaka uliofuata timu kubwa zikapunguza klabu zinazoshirikiana nazo kutoka 160 hadi 120. Pioneer League, yenye timu kadhaa huko Montana, ikaachwa ijitegemee. Maana yake, hakuna tena mkubwa wa kulipa wachezaji. Mishahara sasa inatoka kwa klabu yenyewe: tiketi, matangazo, na yule mtu anayepanga mikate akiwa ameupa uwanja mgongo.

Toroli yangu nilimuuzia mama mmoja wa plot yetu. Bado anauza nje ya geti. Siku za mechi kubwa huwa namsaidia kukata kachumbari, na matokeo tunayasikia kwa wateja.